Kwadi ya michezo kwa njia za Dar: ipi ununue, ipi uiache

Anayeulizia kwadi ya kuchezea, yaani pikipiki ya magurudumu manne, huanza na "inakimbia ngapi?" Kwa Dar es Salaam hilo liwe swali la mwisho. Mashine inayozunguka Kigamboni, Kimbiji na vilima vya Pugu haiuliwi na uhaba wa mbio. Inauliwa na mchanga unaopenya kwenye ea klina, chumvi ya baharini, joto la kutambaa kwa gia ya kwanza, na spea kukosekana. Hivyo ndivyo vigezo tulivyopangia orodha hii.

Tuelewane kwanza: kwadi ya michezo si ile ya shamba. Hii ni ya mtu mmoja, inavutwa na magurudumu ya nyuma pekee, tena haina difu. Tairi zote mbili za nyuma zimekaa kwenye shafti moja. Ndiyo maana kwenye lami inagoma kukata kona. Inataka uegemee upande wa ndani na kubonyeza mafuta hadi nyuma iteleze kidogo. Mwenye mpango wa kupakiza mishikaki au kuvuta tela atafute ya shamba.

1. Honda TRX400EX, ambayo baadaye iliitwa TRX400X. Ilianza 1999, injini ya cc 397, kabureta, stata ya umeme, inapozwa na upepo. Haina rejeta ya kuzibwa na tope wala bomba la maji la kupasuka, na mgandamizo wa injini ni mdogo, takriban 9:1, kwa hiyo haichagui petroli. Fundi mzuri wa pikipiki anaifahamu akiifungua mara moja. Tafuta ya 2005 kuendelea, kwani ndipo ilipowekewa rivasi. Ukiikwamisha kati ya mikorosho ya Kisarawe utajua thamani yake. Kosa linaloziharibu ni la kupima oili. Mfumo wake huhifadhi oili kwenye tangi la pembeni, kwa hiyo kipimo kinasomwa baada ya injini kuunguruma dakika kadhaa. Ukipima ikiwa baridi utaona pungufu, utaongeza, kisha ziada itatapikwa kwenye ea klina na moshi uanze.

2. Honda TRX250X. Cc 229 tu, lakini kwa anayeanza tungeiweka ya kwanza. Nguvu ya injini inafika nyuma kwa shafti badala ya cheni, na kwenye mchanga wa pwani hiyo ni nafuu kubwa, maana mchanga uliochanganyika na oili ya cheni unasaga sproketi kama msasa. Klachi yake inakuruhusu kubadili gia bila kushika mkono wa klachi, au kuushika ukitaka. Udhaifu ni shokapu fupi: kwenye matuta ya mfululizo inakurusha.

3. Yamaha Raptor 700R. Cc 686, pistoni moja, injekta, rivasi, rejeta yenye feni. Kwa anayeendesha kila wiki hakuna inayokaa vizuri zaidi kwenye njia mbovu. Shokapu za nyuma zinasafiri karibu milimita 250. Kwa mgeni ni hatari: nguvu inakuja yote kwa mguso mmoja wa kidole gumba kwenye kibonyezo cha mafuta. Usiiwekee petroli ya kwenye chupa za barabarani, kwani maji na uchafu vinamaliza pampu iliyo ndani ya tangi. Baada ya tope, osha matundu ya rejeta kwa maji ya mpira wa kawaida na hakikisha feni inazunguka.

4. Za Kichina za cc 200 hadi 250. Injini nyingi ni ndugu wa zile za bodaboda na toyo, hivyo kabureta, pistoni na klachi unaweza kuvipata Kariakoo ukienda na kifaa cha zamani mkononi. Tatizo haliko kwenye injini. Liko kwenye boljointi (viungo vya tairi za mbele), beringi na welding ya chesisi. Kabla ya safari ya kwanza kaza nati zote, mwaga oili ya kiwandani, tia grisi beringi, kisha rudia kukaza baada ya saa mbili za kuendesha.

5. Yamaha YFZ450R. Mashine safi, mahali si pake. Ni ya mashindano: haina rivasi, ina upana wa kama milimita 1,240, mgandamizo unazidi 11:1 na inataka petroli ya okteni ya juu. Iache.

Ukinunua iliyotumika, iguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, huenda muuzaji ameshaipasha kuficha ugumu wa kuwaka, rudi kesho. Inyanyue mbele kwa jeki, shika tairi juu na chini utikise: mchezo hapo ni boljointi au beringi. Shika kushoto na kulia: mchezo ni ncha za usukani. Nyanyua nyuma, zungusha tairi ukitazama rimu. Ikiyumba, shafti imepinda. Vuta cheni kutoka nyuma ya sproketi; ukiona nusu ya jino, zimekwisha. Kisha fungua boksi la ea klina. Ukipapasa upande wa injini na kidole kikatoka na mchanga, acha kabisa, kwa sababu huenda silinda imeshalika. Linganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi. Kama unaagiza nje, wakala wa forodha akupigie hesabu kwanza. Usidhani itatozwa kama pikipiki.

Vya kuongeza: helmeti, vyuma vya pembeni vyenye wavu ili mguu usiingizwe chini ya tairi la nyuma, na kamba ya kujifunga inayozima injini ukianguka. Ukitoka ufukweni osha kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, si kwa mashine ya presha, kwani inasukuma maji na mchanga ndani ya beringi. Wakati wa masika, udongo mweupe wa Pugu unateleza kama sabuni, na hifadhi ya misitu ya huko haiingiwi bila kibali.

Mwisho nunua geji yako ya upepo wa tairi. Tairi hizi zinataka psi 4 hadi 5 tu, na geji za vijana wa upepo hazisomi chini kiasi hicho. Wakikujazia kwa mazoea hadi 25, kwadi itadunda kama mpira na utasingizia shokapu.