Muay Thai Thailand au kung fu Shaolin?

Ukiwa na wiki mbili tu za kujifunza, nenda Thailand. Kambi nyingi za Muay Thai, ndondi za Kithai za ngumi, mateke, viwiko na magoti, hupokea hata asiyewahi kurusha ngumi: alfajiri mbio, kuruka kamba, kisha kocha anakushikia pedi raundi baada ya raundi, akikurekebisha kiwiko, goti na muundi papo hapo. Jioni mnarudia, mnamalizia kwa kushikana shingoni mkivutana, na hapo ndipo pumzi hukatika kweli.

Shule za kung fu za Dengfeng, China, jirani na hekalu la Shaolin lililoanzishwa mwaka 495, zinadai subira. Utasimama mkao wa farasi, miguu imepanuliwa na magoti yamekunjwa, hadi mapaja yatetemeke. Mapambano ya sanda, yaani ndondi za Kichina za ngumi, mateke na kubwagana, yapo, ila msingi hutangulia. Mwenye miezi kadhaa ningemwelekeza huko bila kusita.