Sindano za Kichina kwa aleji ya pua: nimemaliza kumi, haya ndiyo yaliyonipata

Mi ni mtu wa Lamu, Langoni, na aleji ya pua ninayo tangu utotoni. Kaskazi ikianza tu naamka na chafya kumi kumi, macho yanawasha, kamasi maji matupu, na Ijumaa wakifukiza udi nyumbani ndio basi tena. Piriton nimekula mpaka nikawa nasinzia dukani na mteja kasimama mbele yangu. Setirizini afadhali, lakini kidonge kila siku, nikachoka.

Dadangu akaaye Malindi akanambia huko kuna Mchina anadunga sindano, zile kavu zisizotiwa dawa, akupancha. Mamangu akacheka, akasema kama ni kudungwa mbona chuku, kule kuumikwa kwa pembe, ipo hapa hapa. Na kwetu dawa za Kichina si kitu kigeni hivyo, si kuna yule binti wa Siyu, kisiwani Pate, aliyepata skolashipu 2005 kwenda China kusomea tiba yao ya asili, kwa vile kwao wasema ni kizazi cha mabaharia wa Kichina. Basi nikapanda basi Mokowe, nikakaa kwa dada wiki tano, mara mbili kwa wiki, 1,500 kila mara.

Daktari alinishika mkono akasikiliza mshipa, akatazama ulimi, mkalimani akasema nina upepo na kinga yangu ya nje ni dhaifu. Nikamwambia hilo mamangu asilisikie, ataniitia mganga wa pepo.

Sindano nyembamba kama unywele, na alifungua pakiti mpya mbele yangu, hilo mlitazame sana. Kati ya gumba na kidole cha shahada, kati ya nyusi, chini ya magoti, zote hizo sikusikia kitu. Lakini zile mbili za pembeni mwa pua jamani, machozi yalitoka yenyewe, halafu ganzi nzito ikashuka mpaka kwenye meno. Na unalala hivyo nusu saa, na pua ndio hapo inaamua kuwasha na mikono yote ina sindano!

Mara ya tatu tundu la kulia likafunguka pale pale kitandani, nikasikia harufu ya viazi karai kutoka nje. Kufika ya sita kidonge nikawa nameza kimoja tu kila baada ya siku tatu.

Ugomvi wangu ni dawa za kumeza. Ile chai ya mizizi, Yu Ping Feng San, mizizi mitatu imeandikwa kwenye pakiti, chungu lakini sawa. Kisha wakaniuzia vidonge vyeusi kwenye chupa haina hata lebo, 3,500. Usiku wa pili moyo unakwenda mbio, usingizi hakuna, asubuhi hospitali presha 150 kwa 100, nikaambiwa acha leo leo. Kuna mmea wao waitwa ma huang, una efedrini, hutiwa kwenye dawa za mafua na pumu na unapandisha presha. Sisemi ndio uliokuwemo, chupa haikuandikwa kitu, nami nilipouliza nikajibiwa ni majani tu. Pesa hawakurudisha. Na wenye pumu, pampu zenu msiziache kwa sababu ya sindano.

Wajerumani walijaribu sindano hizi kwa watu 422 wenye aleji ya chavua, ikatolewa 2013, wiki ya 8 waliodungwa za kweli walikuwa na nafuu zaidi kuliko waliodungwa za bandia, wiki ya 16 tofauti imekwisha. Mimi pia, huu mwezi wa pili tangu nimalize, chafya zimerudi, ila si kama zamani. Sindano nitarudia kabla ya kaskazi, chupa sigusi.

Na jambo jengine, kwa dada nililalia mto wa sponji. Usiku wa kwanza kurudi Lamu kwenye mto wangu wa sufi nilipiga chafya mpaka jirani akanisalimu dirishani. Mto nikautoa, mamangu akauchukua, sasa anaulalia mchana ukumbini nami nikipita hapo naziba pua.