Makava ya Beetle yaliyoshonwa tayari: mshono mzuri, ila sponji ni juu yako

Seti hizi za vinili kwa viti vya Volkswagen Beetle za zamani huja na makava ya kikalio na egemeo, basi. Hakuna sponji wala gunia la kufunika springi. Ushonaji wenyewe hauna lawama: mistari imenyooka, ukingo wa kamba umekaa sawa, na nyuma ya vinili kuna kitambaa kinachozuia uzi usiikate. Malalamiko mengi kwamba kava "halikai" hutokana na kilichomo ndani, si kava lenyewe.

Chini ya kava la zamani kuna tandiko la nyuzi za makumbi zilizoshikishwa kwa raba. Likizeeka hubomoka na kumwaga vumbi la kahawia sakafuni. Ukilivisha kava jipya tandiko la namna hiyo, utapata mikunjo kwenye mapaja na shimo katikati, hata uvute vipi. Weka tandiko jipya, au angalau tandaza sponji ya mm 12 juu ya lile ambalo bado ni zima. Usizidishe sana. Ukifika mm 25, kava halifikii meno ya fremu, na ukililazimisha mshono wa kona ndio unaoachia.

Hayo meno ndiyo yanayoshika kava, nayo yanahitaji subira. Yainue kwa bisibisi bapa, kiasi tu cha kuachia kava kuukuu. Jino likikunjwa huku na huku mara tatu nne hukatika. Fremu ikiwa wazi, sugua kutu kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke kabisa. Springi iliyokatika ishughulikiwe sasa, kisha funika zote kwa gunia jipya, la sivyo zitaitafuna sponji kutoka chini.

Kabla ya kuvisha, anika kava juani kama saa moja. Vinili baridi ni ngumu, na huo ugumu watu huudhania kosa la kipimo. Tia alama ya chaki katikati ya fremu na katikati ya kava, mbele na nyuma. Funika sponji kwa nailoni nyembamba ili kava liteleze, halafu ichomoe kabla ya kufunga. Ikibaki humo kiti kitakuwa kinachakarisha kila unapokaa. Anza kushika katikati mbele, kisha katikati nyuma, halafu pande. Kona ziwe za mwisho. Jino litoboe angalau sm 2 kutoka ukingoni, vinginevyo vinili huchanika polepole kila dereva anapokaa.

Mikunjo midogo huondoka kwa hewa ya moto, mashine ikae mbali kidogo na mkono usitulie. Vinili ikianza kung'aa umeshaiunguza, na mng'ao huo haurudi nyuma.

Dosari halisi ya seti ni matundu ya vishikio vya egemeo: hayajakatwa. Yakate mwisho kabisa, baada ya kuvuta kila upande, na uanze na mkato mdogo kuliko unaodhani unahitajika. Kingine, linganisha mwaka wa gari na umbo la kiti kabla ya kuagiza, maana viti vilibadilika mara kadhaa na kava la egemeo fupi haliingii kwenye egemeo refu.