Riba ya deni la hukumu: kuomba masahihisho au kukata rufaa?

Wafanyabiashara wawili wa dagaa wa Mwaloni Kirumba wana hukumu ya Mahakama Kuu Mwanza ya shilingi 40,000,000 kati yao, na mmoja anaona riba imekosewa. Njia zake ni mbili, na kuzichanganya humpotezea muda usiorudi.

Ya kwanza ni kuiomba mahakama ileile isahihishe hesabu. Chini ya Amri ya XX ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, riba ni asilimia 7 kwa mwaka tangu siku ya hukumu hadi deni lilipwe, yaani shilingi 2,800,000 kila mwaka. Ikiwa amri ya utekelezaji imeandika 8,900,000 kwa miaka 3 badala ya 8,400,000, kosa linaonekana kwa macho, na sheria inaruhusu lirekebishwe wakati wowote.

Rufaa ni jambo jingine kabisa. Inafaa pale jaji alipotoa asilimia 12 ilhali wadaawa, yaani pande mbili za kesi, hawakukubaliana hivyo kwa maandishi wala kwa ridhaa mbele yake, kwa kuwa hapo kinachobishaniwa ni sheria, si kujumlisha. Notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani huwasilishwa ndani ya siku 30, na rufaa peke yake haizuii utekelezaji: mdaiwa asiyeomba zuio anaweza kukamatiwa mtumbwi na injini yake akiwa bado anasubiri kusikilizwa.

Kwa kosa la tarakimu tu, mimi ningechagua masahihisho bila kusita. Penye shaka, ningewasilisha notisi kwanza.