Uzoefu wangu na Scarlett 2i2: kurekodi traki nyingi chumbani

Natumia Focusrite Scarlett 2i2 toleo la tatu, kifaa cha kuunganisha maiki na ala kwenye kompyuta, pamoja na Reaper, programu ya kurekodi (majaribio siku 60, leseni ya bei nafuu dola 60). Kwa anayeanza studio ya nyumbani vinatosha kabisa, mradi ujue kuwa matundu ya kuingizia sauti ni mawili tu. Kwa mkupuo mmoja unaingiza sauti na gita. Besi, kinanda na waitikiaji watafuata kwa zamu, kila kimoja na traki yake. Anayetaka kurekodi dramu kwa maiki nyingi pamoja atafute Scarlett 18i20, yenye matundu nane ya maiki.

Kwenye Windows, sakinisha kwanza draiva ya Focusrite, kisha ndani ya Reaper chagua ASIO, njia ya draiva inayopunguza kuchelewa kwa sauti. Wengi huiruka hatua hii, sauti ikichelewa wanailaumu kompyuta. Naweka 48 kHz, biti 24, na bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukichakata) sampuli 128, yaani sauti huchelewa kama milisekunde 2.7 kwa upande mmoja. Sauti ikikwaruza au kukatika, pandisha bafa hadi 256. Wakati wa kumiksi weka 1024.

Projekti ihifadhi kabla ya kurekodi, tena kwenye folda yake, mafaili ya WAV yasitawanyike. Traki moja ya mono hula takriban MB 8.6 kwa dakika.

Maiki ya kondensa inataka 48V, umeme unaotoka kwenye kifaa kupitia waya wa maiki. Ya dainamiki kama SM58 haitaki, ila inahitaji geini (ukuzaji wa sauti inayoingia) kubwa zaidi. Unapopima, mwimbaji atoe kiitikio kwa nguvu zake zote, si "haloo, haloo", na vilele viishie karibu na -12 dB. Pete ya taa kwenye kinobu cha geini ikiwa nyekundu, punguza hapo hapo: sauti iliyopasuka wakati wa kuingia haitengenezeki.

Ninachokipenda zaidi ni Direct Monitor, inayopeleka sauti ya maiki moja kwa moja kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta, maana mwimbaji anajisikia papo hapo. Kwa maiki moja iweke mono, vinginevyo atajisikia sikio moja tu. Kisha zima alama ya spika kwenye traki, ama sivyo sauti itamrudia mara mbili na kumtoa kwenye mdundo. Hedifoni ziwe za kuziba masikio: metronomu ikivuja hadi kwenye maiki, haitoki tena.

Gita la umeme lichomeke ukiwa umewasha INST, kitufe cha ala. Likinguruma, chomoa chaja ya laptop urekodi kwa betri.