Nilitaka fito, nikatoka na konchi: miezi 9 ya tundu la gegedu

Nina miaka 23 na masikio yangu yametogwa mara nne. Mawili ni ya ndewe, niliyotogwa utotoni Mombasa kama kila mtoto wa kike wa mtaani kwetu. Moja limeziba na kuniachia kovu. La nne ndilo ninalotaka kulisimulia: liko katikati ya sikio la kushoto, ndani ya lile bakuli linalozunguka mlango wa sikio. Mafundi huliita konchi, jina la kombe la baharini, na ukitazama sikio lako kwenye kioo utaona kwa nini.

Nianze na lile lililoziba, maana bila hilo nisingejua la kutafuta. Nikiwa na miaka 19 niliingia saluni moja nikitaka herini kwenye ukingo wa juu. Kijana akatoa bunduki ya plastiki, ile wanayotogea watoto, akabana, ikalia ta! Shilingi 500, nikatoka nimefurahi. Siku ya tatu sikio lilikuwa jekundu, linapwita, na siwezi kulilalia wala kuligusa. Wiki haikwisha nikawa mbele ya daktari. Akanieleza kwamba gegedu, ile sehemu ngumu inayopindika ya sikio, halina mishipa yake ya damu, linalishwa na ngozi iliyolifunika, kwa hiyo viini vikishaingia humo mwili unachelewa kuvifikia, na ukipuuza sikio linaweza kujikunja na kubaki hivyo. Herini ikatolewa, nikapewa dawa ya kuua bakteria, siprofloksasini, ya siku 10. Sikio lilipona, tundu likafa.

Baadaye ndipo nilipoelewa tatizo la ile bunduki. Haikati. Inasukuma herini butu kwa nguvu ya springi mpaka ipenye. Ndewe ni nyama laini, inavumilia. Gegedu linapondeka. Tena bunduki nyingi zina sehemu za plastiki zisizostahimili mvuke wa nyuzi 121 unaoua viini, basi zinapanguswa kwa spiriti tu na kuhamia kwa mteja mwingine.

Kwa hiyo mara hii, nikiwa Nairobi, nilitafuta fundi wa sindano, na nilitaka awe mwanamke, kwa sababu mimi ninavaa hijabu na sikutaka kuivua mbele ya mwanamume. Nilimpata kwenye studio ndogo ya ghorofani. Kwenye simu hawakunitajia bei, jambo lililoniudhi, na nilikaa saa moja na nusu nikingoja ilhali nilikuwa na miadi. Hayo nayasema wazi kwa sababu mengine yote nitayasifu.

Nilikwenda nikitaka fito: kile kijiti kimoja kirefu kinachokatiza sikio juu, kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma, kikipita kwenye matundu mawili. Nilikuwa nimekiota mwaka mzima. Dada huyo fundi akafunga pazia, akanawa mikono, akavaa glavu, akalishika sikio langu na kulitazama kwa muda mrefu. Akachukua fito akaiweka juu yake bila kutoboa, akanipa kioo.

"Tazama hapa katikati, dadangu. Una tuta la gegedu limejitokeza. Fito italala juu yake, itakusugua kila siku, na hayo matundu hayatapona. Mimi sitakutoboa hii."

Moyo uliniuma, sitaficha. Lakini pesa zangu alikuwa anaziona mkononi na bado akakataa. Nikamwambia basi aniambie sikio langu linakubali nini. Akagusa lile bakuli kwa ncha ya kidole: hapa pana nafasi, pametulia, na hijabu haipafikii sana. Kabla ya kuendelea akaniuliza kama mimi au yeyote kwetu ana keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, kwa sababu sisi wenye ngozi nyeusi tunazipata zaidi. Kwetu hakuna. Akauliza pia kama nikeli inaniwasha, kisha akanionyesha kipini cha titaniamu, kile cha daraja la vyuma vinavyopandikizwa mwilini.

Sindano aliifungua mbele yangu kutoka kwenye pakiti yake. Ni sindano yenye uwazi ndani kama ya hospitali, inayokata gegedu kwa usafi badala ya kuliponda. Akatia alama kwa kalamu, akanifanya nisimame nijitazame, akaifuta, akaitia upya milimita chache chini. Kisha akaniambia nivute pumzi na niiachie taratibu.

Maumivu yenyewe ni ya pumzi moja. Sikuwa nimejiandaa kwa ile sauti. Gegedu likitobolewa karibu na mlango wa sikio unalisikia kutoka ndani ya kichwa, kitu kama kutafuna figili. Halafu joto likapanda, sikio zima likawa kama limewekwa karibu na jiko, na kufika usiku lilikuwa linapwita kwa utaratibu. Nililipa shilingi 4,000 pamoja na kipini.

Kipini cha kwanza ni kirefu makusudi, ili sikio likivimba lisibanwe. Baada ya wiki 8 nilirudi akanitilia kifupi, shilingi 1,000 nyingine, na hapo usikwepe kurudi: kirefu kikibaki kinachezacheza na kulivuta tundu upande. Usafi ni maji ya chumvi tu, ya asilimia 0.9, asubuhi na jioni. Spiriti hapana. Mafuta hapana. Kuzungusha kipini, kama tulivyofundishwa utotoni, hapana kabisa, kwa maana unarudisha magaga ndani ya kidonda kila siku.

Hijabu ilinifunza mengi. Shifoni inanasa, nikahamia pamba laini iliyofungwa kwa ulegevu, na pini nikaipeleka upande wa kulia. Vidude vya kusikilizia simu upande wa kushoto havikuingia kwa miezi minne. Na kulala! Mimi ni mtu wa ubavu wa kushoto tangu kuzaliwa. Nilinunua mto wa shingo wa safari, ule wenye tundu katikati, nikawa naliweka sikio ndani ya tundu lisigusane na chochote. Mwezi wa tatu nilizembea wiki moja, na kando ya kipini kukatokea kinundu chekundu. Nililia nikijua ni keloidi. Dada akakitazama akasema ni hasira ya kidonda, kwani keloidi inazidi mipaka ya jeraha na hainywei yenyewe. Nikarudia mto wangu, na baada ya wiki tano kilikuwa kimekwisha.

Mwezi wa sita nilishuka Mombasa kwa treni, huku nikiogopa atakalosema nyanya. Mamangu alikuwa ameshanipa yangu kwenye simu. Nyanya alinivua hijabu mwenyewe pale Kibokoni, akaligeuza sikio kwenye mwanga wa dirisha, kisha akasogeza shela lake. Sikuwa nimewahi kuyatazama masikio yake kwa makini: ukingo mzima wa juu una vidoti, vingine vimeziba, vingine viko wazi. Nilihesabu saba upande mmoja.

"Sisi tulitogwa kwa sindano na uzi, mwanangu. Bunduki twaitoa wapi?"

Hilo lilinipeleka kwenye kumbukumbu alizochapisha Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, mwaka 1886. Anasimulia jinsi mtoto wa kike alivyotogwa siku ya saba, kwa sindano na uzi mwekundu wa hariri, kwa kawaida matundu sita kila sikio. Wenzangu kazini wananiuliza mtindo huu nimeuiga Ulaya. Sasa ninawaonyesha picha ya sikio la nyanya.

Gegedu linahitaji miezi 6 hadi 12 kupona, na langu bado linatoa ute kidogo nikilichokoza. Nyanya amenitengea pete ndogo ya dhahabu kutoka kwenye ukingo wake. Dada ameipima: waya wake ni mwembamba mno kwa tundu la milimita 1.2, utakata nyama taratibu. Sonara wetu anasema anaweza kuivika kijibomba cha dhahabu bila kuigusa yenyewe. Nimempa nyanya tarehe, na kila tukiongea kwa simu ananiuliza zimebaki wiki ngapi.