Uzoefu wangu na DO-1, kingamwili ya p53 ya binadamu

Nyota nne kati ya tano. p53 ni protini inayozuia seli zisigeuke saratani. DO-1 ni kingamwili ya panya ya kloni moja, aina ya IgG2a, na kwa bloti (protini zilizotenganishwa kwenye jeli na kuhamishiwa utando) ya p53 ya binadamu sijapata inayoizidi: mstari mmoja mzito, utando safi, na kiasi kidogo kinatosha kazi. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu watu huiuliza swali ambalo haiwezi kujibu. DO-1 inaona kipande kifupi sana cha mwanzo wa protini, na inakiona kikiwa wazi tu. Ikinyamaza, p53 inaweza kuwa ipo. Ikipiga kelele, p53 inaweza kuwa imekufa kazi.

Kipande chenyewe ni asidi amino za 20 hadi 25: serini, aspatati, lusini, triptofani, laisini, lusini. Protini nzima ina asidi amino 393. Uzito wake kwa hesabu ni kama kilodaltoni 44, lakini kwenye jeli ya SDS, sabuni inayofungua protini, hutembea polepole kwa sababu ya eneo lenye prolini nyingi na kukaa kwenye 53, na hapo ndipo lilipotoka jina lake mwaka 1979. Anayetafuta mstari kwenye 44 eti kwa sababu kompyuta imesema hivyo, ataufuta ule wa kweli. DO-1 yenyewe ilitangazwa mwaka 1992 na Bořivoj Vojtěšek, David Lane na wenzao, na leo inauzwa na kampuni nyingi kwa jina lilelile la kloni.

Karibu kila tabia yake, nzuri na mbaya, inatokana na zile asidi amino sita.

Kwanza, haioni p53 ya panya. Kwenye aspatati ya 21, panya ana glisini, na hiyo inatosha kuifanya isishike. Kwa uvimbe wa seli za binadamu uliopandikizwa kwa panya hii ni faida kubwa, kwani p53 ya tishu za mwenyeji haichanganyiki na ya uvimbe. Ila kumbuka tishu hiyo imejaa IgG ya panya, na kingamwili yako ya pili, ile inayoshika DO-1 ili ionekane, itaishika: utapata mistari kwenye 50 na 25 ambayo haihusiani na p53 hata kidogo. Njia moja ya njia za jeli iwekewe kingamwili ya pili peke yake, ubishi uishe mapema.

Pili, serini ya 20. DNA ikiumizwa, vimeng'enya kama Chk1 na Chk2 huweka fosfati hapo, na DO-1 hushindwa kushika molekuli iliyobandikwa. Matokeo yake ni ya kuchekesha: umezipa seli doksorubisini, dawa inayoumiza DNA, ili p53 ipande, nayo imepanda kweli, lakini mstari wako hauongezeki kama ulivyotarajia. Mtu anaandika kwamba dawa haikufanya kazi. Kabla ya kufika huko, gawa laisati, yaani maji ya seli zilizopasuliwa, mafungu mawili. Fungu moja lisiwe na vizuizi vya fosfatasi. Litie fosfatasi ya lamda, kimeng'enya kinachoondoa fosfati, na manganizi milimola 1, nyuzi joto 30 kwa nusu saa. Mstari wa DO-1 ukikolea baada ya hapo, ujue fosfati ndiyo iliyokuwa inaificha.

Tatu, MDM2, protini inayoipeleka p53 ikaharibiwe, hushika mahali hapohapo, kwenye fenilalanini ya 19, triptofani ya 23 na lusini ya 26. Kwa hiyo ukitumia DO-1 kuvuta p53 kwa shanga zinazonasa kingamwili ukitegemea MDM2 ije nayo, utavuta p53 isiyo na MDM2. Geuza: vuta kwa kingamwili ya MDM2, kisha usome p53 kwa DO-1 kwenye bloti, ambako SDS imeshawatenganisha na kipande kiko wazi. Hili nalirudia kwa kila anayeniuliza, maana matokeo tupu hapa yanaonekana safi sana na yanashawishi.

Nne, aina fupi za p53. Ile inayoanzia asidi amino ya 40 na ile inayoanzia ya 133 hazina kabisa kipande cha DO-1. Kloni ya 1801, inayoshika karibu na asidi amino za 46 hadi 55, huona ya kwanza na kuikosa ya pili. Kwa sababu hiyo siamini bloti inayodai "hakuna p53" kwa DO-1 pekee. Angalau kingamwili moja ya upande wa mkia ihusike.

Sasa mezani. Kwenye seli tulivu p53 huishi dakika ishirini hivi tu kabla ya MDM2 kuibandika alama ya ubikwitini na proteasomu, kinu cha seli cha kusaga protini, kuila, hivyo usizembee. Suuza seli kwa PBS baridi, pasua kwa bafa ya RIPA ya baridi yenye vizuizi vya protisi vilivyotiwa muda huohuo: Tris milimola 50, chumvi milimola 150, NP-40 asilimia 1, deoksikolati asilimia 0.5, SDS asilimia 0.1. Ongeza floridi ya sodiamu milimola 10 na vanadati milimola 1, ambavyo ni vizuizi vya fosfatasi, isipokuwa kwa lile fungu la fosfatasi. Sehemu ya p53 iko juu ya kromatini na huzama na uchafu ukizungusha mashine mara moja, kwa hiyo pigisha mawimbi ya sauti kidogo, au tia kimeng'enya cha kukata DNA, ndipo uzungushe kwa 14,000 g dakika 15 kwa nyuzi 4. Anayetaka njia ya mkato apasue seli moja kwa moja kwa bafa ya sampuli ya moto. Inafanya kazi vizuri mno kwa p53, ila kupima protini kunakuwa shida kwa sababu ya rangi na beta-merkaptoethanoli.

Mikrogramu 20 hadi 30 kwa kila njia, jeli ya asilimia 10, hamisha kwenye utando wa PVDF uliolowekwa methanoli, volti 100 kwa saa moja hivi ukiwa na barafu. Paka rangi ya Ponceau uone kama uhamishaji ni sawasawa kabla ya kupoteza kingamwili yoyote. Ziba kwa maziwa ya unga asilimia 5 ndani ya bafa ya TBST yenye Tween asilimia 0.1, saa moja.

Hapa kwenye kipimo ndipo wengi hujikwaa. Chupa moja huja na mikrogramu 200 kwa mililita, nyingine miligramu 1. Ukinakili "1:1000" kutoka makala ya mtu bila kuangalia chupa yake, unaweza kutumia mara tano zaidi ya inavyohitajika na kupata utando mweusi. Nakili mikrogramu. Mimi naanzia mikrogramu 0.2 kwa mililita, usiku kucha kwenye nyuzi 4. Kwa chupa ya 200 hiyo ni mikrolita 10 ndani ya mililita 10, kwa hiyo chupa ya mililita moja inatosha bloti mia moja. Osha mara tatu, dakika kumi kila mara. Kingamwili ya pili ya mbuzi yenye HRP, kimeng'enya kinacholeta mwanga wa kusomea, 1:5000 hadi 1:10,000.

Ukitaka kutumia tena myeyusho wa DO-1, uchanganye kwenye BSA (albumini ya ng'ombe) badala ya maziwa na utie azidi ya sodiamu asilimia 0.02. Azidi hiyo isifike kwenye kingamwili ya pili: inaua HRP, na utakaa gizani unangoja mwanga usiokuja.

Vidhibiti si pambo. Seli za H1299 na Saos-2 hazina p53. Mojawapo iwepo kwenye kila jeli. HCT116 zinauzwa pamoja na dada zao waliokatwa jeni la p53, jozi nzuri sana. A549 na MCF-7 zina p53 isiyobadilika: kidogo zikiwa tulivu, nyingi ukizipa nutlini mikromola 10 usiku mzima. Nutlini inazuia MDM2 isiishike p53 bila kuumiza DNA, hivyo ile kero ya serini 20 haikusumbui, na ndiyo maana naipendelea kuliko doksorubisini kwa kupimia chupa mpya.

HEK293T zitakupa mstari mnene kupita wote, kwa kuwa antigeni T ya virusi vya SV40 imeikamata p53 na kuizuia isioze wala kufanya kazi. Ni kidhibiti kizuri cha kuonyesha kwamba bloti imekubali na kibaya kwa kila jambo jingine. HeLa ni kinyume: protini ya E6 ya virusi vya papiloma aina ya 18 huipeleka p53 kwenye proteasomu, na mstari unakuwa hafifu ingawa jeni ni zima. Kwa wanaofanyia kazi saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Afrika Mashariki inatuelemea sana, hilo ndilo jambo la kwanza kulitarajia. Tia MG132, kizuizi cha proteasomu, mikromola 10 kwa saa nne na p53 itarudi.

Kuhusu mabadiliko ya jeni, DO-1 ni kipofu. Ile ya 249, arginini kuwa serini, inayoonekana kwenye saratani ya ini pale watu wanapokula nafaka yenye sumukuvu kwa wingi, iko mbali sana na asidi amino za 20 hadi 25. Protini hiyo mbovu hujikusanya, na DO-1 inaonyesha mstari mnono. Kloni ya PAb240 mara nyingi hutajwa kuwa "ya p53 iliyobadilika," lakini inatofautisha tu protini ikiwa haijafunguliwa; kwenye bloti, baada ya SDS, inashika zote. Anayetaka kujua kama p53 inafanya kazi asome p21 na MDM2, protini ambazo p53 huamuru zitengenezwe, kwenye utando huohuo baada ya nutlini. p53 juu na p21 imelala: hapo kuna jambo, peleka jeni likasomwe.

Jambo dogo kwa wenye sampuli za watu wa kwetu: asidi amino ya 72 inaweza kuwa prolini au arginini, na ile ya prolini ni ya kawaida zaidi Afrika kuliko Ulaya. Ya prolini hutembea polepole kidogo. Mwenye zote mbili anaweza kuonyesha mistari miwili iliyokaribiana kwenye jeli iliyokimbia muda mrefu, na haimaanishi protini imeoza.

Kwa kuvuta protini, IgG2a inashika vizuri shanga za protini A na za protini G, mikrogramu 1 hadi 2 kwa mikrogramu 500 za laisati. Shida ni mnyororo mzito wa kingamwili unaokaa kwenye 50, mlango wa pili na p53. Soma bloti kwa kingamwili ya sungura, au kwa DO-1 iliyobandikwa HRP moja kwa moja, au kwa kingamwili ya pili inayoona mnyororo mwepesi tu. Kwa ChIP, yaani kuvuta DNA ambayo p53 imeishika, natumia mikrogramu 2 hadi 5, na sehemu ya kupimia ni ile iliyo takribani besi 2,300 kabla ya mwanzo wa jeni la p21. Isipopanda baada ya nutlini, usisumbuke na jeni nyingine.

Kwenye vipande vya parafini inafanya kazi baada ya kuchemsha kwenye sitrati ya pH 6 au Tris-EDTA ya pH 9, ingawa maabara nyingi za patholojia hutumia DO-7, inayoshika eneo lilelile. Tishu iliyokaa kwenye formalini siku nyingi hukataa, na hapo kuongeza kingamwili hakusaidii. Ongeza muda wa kuchemsha. Usomaji una hali tatu kuu: viini vichache vilivyopakwa kwa viwango tofauti ni p53 ya kawaida, karibu vyote vikiwa vyeusi ni badiliko la asidi amino moja, hakuna hata kimoja, ilhali seli za kando za tishu zimepakwa, ni jeni lililokatika. Seli za kando nazo zikiwa tupu, kipande hicho hakisomeki, urudie.

Uhifadhi: nyuzi 4 kwa chupa inayotumika. Nyingi zina azidi na hukaa muda mrefu hivyo bila kuganda. Umeme ukikatika mara kwa mara, friji ya kawaida ni salama kuliko friza, kwa sababu kuganda na kuyeyuka mara kwa mara ndiko kunakoua IgG haraka kuliko joto la safari ya siku chache. Ukilazimika kugandisha, gawa mikrolita 20 kwa 20 na usirudishe kilichoyeyuka.

Unaponunua, soma lebo itaje "DO-1" na mkusanyiko kwa mililita. "Kingamwili ya p53" pekee inaweza kuwa chochote. Ukipata toleo la rekombinanti la kloni hiyohiyo kwa bei inayokaribiana, lichukue, kwa kuwa mfuatano wake unajulikana na tofauti kati ya fungu na fungu ni ndogo. Fungu jipya likifika, lipime pamoja na la zamani kwenye jeli moja yenye H1299, A549 tulivu na A549 yenye nutlini, kabla la zamani halijaisha.